Barua ya wazi kwa wanaosimamia ruzuku za miji: utepe ukishakatwa mradi anabaki nao nani?

Waheshimiwa madiwani, wakurugenzi wa miji, maafisa mipango, mainjinia, na nyinyi pia mnaokaa kule juu mkizitoa hizo ruzuku,

Salamu nyingi. Nawaandikia hapa wazi sio kwa kuwavunjia heshima, ni kwa sababu jambo lenyewe ni letu sote na nataka kila anayeishi mjini alisome, maana barua inayopelekwa ofisini inagongwa muhuri wa kupokelewa na mara nyingi ndo basi. Ninalotaka kusema ni moja tu. Mji ukipata ruzuku ya kuboresha mitaa mnapanga vizuri kabisa mpaka siku ya uzinduzi, ila kuanzia siku inayofuata hakuna mpango, hakuna fungu, hakuna mtu mwenye jina lake pale. Kwangu mimi hilo shimo ni kubwa kuliko hata wizi, ingawa wizi nao nitausema huko mbele.

Kwanza tukubaliane ruzuku yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu wakazi wengi wanasikia tu "hela za mradi zimekuja" na hawajui zimekuja na masharti gani. Ruzuku sio mkopo, hairudishwi, na ndo maana kila mji unaikimbilia. Mji unaandika andiko la kuomba pesa, anayetoa anaangalia vigezo vyake, mara nyingi anataka mji nao uchangie kidogo, halafu pesa inakuja kwa awamu au mji unatumia kwanza ndo unarudishiwa ukionyesha risiti. Muda ukiisha, kinachobaki kinaweza kurudi kilikotoka. Na sharti ambalo watu wengi hawaambiwi ni hili, ruzuku nyingi ni za kujenga, sio za kuendesha. Zinanunua nguzo ya taa, hazinunui betri ya kubadilisha miaka michache mbele. Zinajenga choo cha umma, hazimlipi mtu wa kukisafisha wala bili ya maji.

Mfano mzuri ni ule mpango wa Marekani unaojulikana kwa kifupi kama CDBG (Community Development Block Grant, yaani ruzuku ya maendeleo ya jamii), ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1974, ambao kwa miaka yote hii umekuwa ukipeleka pesa za serikali kuu kwenye miji kwa ajili ya mitaa, mitaro, nyumba na vituo vya jamii. Una mambo mazuri mle ndani. Angalau asilimia 70 ya pesa lazima inufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, na mji unatakiwa uwaite wakazi kwenye vikao vya wazi wasikilizwe kabla pesa haijapangwa. Lakini kanuni yake ya kawaida inasema gharama za kutunza na kuendesha majengo na miundombinu ya umma hazilipwi na hiyo ruzuku. Na kuna hii nyingine, zikibaki siku 60 mwaka wa programu uishe na mji bado umekalia pesa zaidi ya mara moja na nusu ya mgao wake wa mwaka, unahesabiwa kwamba unachelewa kutumia. Mimi silaumu hizo kanuni, kila moja ina sababu yake, anayetoa hataki pesa ya mtaro igeuke mishahara na hataki ilale benki watu wakiwa wanasubiri. Ila mwangalie afisa aliyeko mezani anasukumwa upande gani: tumia, tumia haraka, na tumia kwa kujenga. Ni nadra karatasi kumuuliza huu mradi utakuwaje mwaka wa tano. Na ruzuku za nchi nyingine nyingi zina tabia hiyo hiyo, majina tu ndo tofauti.

Sasa twende kwenye mtaro, kwa sababu mtaro ndo unaonyesha hili jambo vizuri kuliko mradi mwingine wowote.

Ruzuku inakuja, unajengwa mtaro wa zege wenye mifuniko mizito ya zege, picha zinapendeza kwenye ripoti, kila mtu anapongezana na kweli wamefanya kazi. Mfuniko mmoja kuunyanyua unataka wanaume kadhaa na mtalimbo. Mvua za kwanza zinapita vizuri, zinazofuata zinaleta mchanga, chupa za plastiki, matambara, majani, na kwa kuwa kila kitu kiko chini ya mfuniko hakuna anayeona. Misimu michache mbele mtaro umejaa mpaka juu, maji hayana pa kwenda, yanarudi ndani ya nyumba zile zile ambazo kwenye andiko ziliandikwa kwamba ni za wanufaika. Wakazi wanajaribu kusafisha wenyewe wanashindwa kufungua, wanavunja mfuniko mmoja ili wapate pa kuingiza koleo, na sasa kuna shimo katikati ya njia ambayo watoto wanapita usiku. Halafu ofisi inasema wananchi hawatunzi miundombinu. Jamani. Mtu atatunzaje kitu ambacho kimejengwa kisifunguke?

Angalieni hapo tatizo liko wapi. Kama siku mchoro unachorwa kuna mtu angeuliza tu, "nani atausafisha huu mtaro, mara ngapi kwa mwaka, na kwa kifaa gani", injinia mwenyewe angeweka mifuniko myepesi yenye mshikio kila baada ya mita kadhaa, angeweka wavu wa kuzuia taka pale maji yanapoingilia, angechimba kishimo cha kunasa mchanga sehemu ambayo toroli inafika. Gharama ingeongezeka kidogo sana au isiongezeke kabisa. Kwa hiyo mnaposema suala la utunzaji ni suala la bajeti litakuja baadaye, hapana, utunzaji ni suala la mchoro, unaamuliwa kabla hata ya saruji kununuliwa, na ukilisogeza baadaye umeshalipoteza.

Taa za sola za mtaani nazo ni hivyo hivyo. Paneli ni kitu cha kudumu, inaweza kukaa miaka 20 na zaidi, betri ndo inakufa mapema, miaka michache tu na joto likiwa kali hata kabla ya hapo. Hilo linajulikana na kila anayeuza taa hizi. Lakini tenda inatangazwa kwa idadi ya nguzo, anayeshinda ni mwenye bei ya chini, anakuja na betri ya saizi yake ambayo akishaondoka haipatikani kwingine, na siku taa zinapozima hakuna fungu la betri wala hakuna anayejua zinaagizwa wapi. Nguzo zinabaki zimesimama, kwenye ripoti ya mji bado zinahesabiwa kama taa, na akina mama wanaotoka kazini usiku wamerudi kutembea gizani kama zamani.

Na msione kama natia chumvi. Benki ya Dunia kwenye ripoti yake kubwa ya mwaka 1994 kuhusu miundombinu ilitoa hesabu ambayo mimi naona ingebandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya injinia wa mji: kwamba Afrika, kwa miaka kumi iliyotangulia, dola bilioni 12 za matengenezo ya barabara yaliyofanyika kwa wakati zingeokoa dola bilioni 45 za kujenga upya. Na mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikusanya takwimu za nchi 20 za Afrika kusini mwa Sahara ukakuta kwa wastani kama asilimia 36 ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Zaidi ya pampu moja katika kila tatu. Nyingi ya zile zililetwa na misaada na ruzuku, zilizinduliwa, zikapigwa picha. Hizo ni za vijijini najua, ila ugonjwa ni ule ule mmoja, anayelipa kujenga sio anayebaki kutunza, na anayebaki hakuulizwa kama ataweza.

Hapo kwenye kuulizwa ndo nataka nikae kidogo.

Mnaposema mmeshirikisha wananchi, mara nyingi maana yake ni kikao kimoja, mradi umeshachaguliwa, watu wanasaini karatasi ya mahudhurio na karatasi inaambatanishwa kwenye andiko. Huko Porto Alegre, Brazil, kuanzia 1989 walifanya kitu tofauti, wakazi wa kila eneo la mji walikutana wakapanga wenyewe vipaumbele vya sehemu ya bajeti ya ujenzi, na mgao ulipigwa kwa vigezo vilivyojulikana mapema, eneo likiwa na upungufu mkubwa wa huduma linapata alama zaidi, likiwa na watu wengi linapata alama zaidi, na kile walichokitaka wenyewe kwanza nacho kina uzito wake. Utaratibu ule ulisambaa duniani, hadi Paris walianza wa kwao mwaka 2014. Na pale pale Porto Alegre ulikuja kusimamishwa mwaka 2017, kwa hiyo siwaambii ni dawa ya kila kitu. Nachotaka mchukue ni kile kitu cha vigezo kujulikana mapema. Mkazi akijua kwa nini mtaa wa jirani umepata barabara mwaka huu na wa kwake bado, na akaona alama zimeandikwa, anakubali kusubiri. Asichokubali ni kuona lami inaenda kwa wenye sauti na akiuliza anaambiwa ni maelekezo kutoka juu.

Na kuulizwa kunabadilisha mradi wenyewe. Mtaalamu akija anaona mtaa unahitaji jengo la ukumbi wa jamii kwa sababu ruzuku ya mwaka huu ni ya majengo. Wakazi wakiulizwa vizuri, na wakiambiwa kabisa kwamba gharama za kuendesha zitatoka kwenye mifuko yetu ya kodi, wengi wanachagua kitu kidogo ambacho kinatunzika, daraja la miguu, bomba kwenye njia panda, ngazi kwenye mteremko unaoteleza. Maswali kama "hivi hili tutaliweza kweli" hamtayasikia kwenye kikao cha kusaini mahudhurio, yanakuja pale tu ambapo watu wanaona uamuzi bado uko wazi.

Sasa wizi. Mchumi mmoja, Benjamin Olken, alifanya utafiti Indonesia kwenye vijiji zaidi ya 600 vilivyokuwa vinajengewa barabara ndogo kwa ruzuku za mpango wa serikali, matokeo yakachapishwa 2007. Hakuishia kwenye kusoma vitabu vya hesabu, timu yake ilienda kuchimba vipande vya barabara zenyewe, wakapima mawe na mchanga uliomo kweli, wakapiga hesabu ingegharimu kiasi gani na wakalinganisha na kilichoandikwa. Waligundua kwamba vijiji vilipoambiwa mapema kwamba ukaguzi wa serikali utakuja kwa uhakika, badala ya ule uwezekano wa asilimia 4 uliokuwepo, pesa zilizopotea zilipungua kwa kama pointi 8 za asilimia. Na kualika watu wengi zaidi kwenye vikao vya kusomewa mapato na matumizi kulipunguza wizi kidogo tu kwa wastani. Nimelisema hili makusudi ingawa mimi ni mtu wa kutaka vikao, kwa sababu nisingependa mkazi ageuzwe kuwa ndo mkaguzi peke yake. Mkazi hana kifaa cha kupima unene wa zege. Sisi tunaweza kuona mifuko ya saruji imeshushwa mingapi na mingapi imepakiwa tena usiku, ila kipimo na kalamu ya kumzuia kontrakta asilipwe mnavyo nyinyi.

Uganda nao wana la kutufundisha. Kati ya 1991 na 1995 ruzuku ambayo serikali ilikuwa inapeleka kwa shule za msingi kwa ajili ya gharama zisizo za mishahara, ilikuja kugundulika kwa wastani ni asilimia 13 tu ndo ilifika shuleni. Kumi na tatu! Serikali ikaanza kutangaza kwenye magazeti kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika wazi kiasi zilichopokea, na kufikia 2001 kilichofika kilikuwa zaidi ya asilimia 80. Wapo wachumi waliosema magazeti peke yake hayakufanya hiyo kazi yote, kulikuwa na mageuzi mengine yanaenda sambamba, na nadhani wana hoja. Lakini hata ukipunguza sifa za magazeti, ubao wenye namba ni kitu cha bei ndogo mno kulinganisha na kinachookolewa, na mpaka leo kuna miji bango la mradi lina majina makubwa ya viongozi na nembo za wafadhili na halina kiasi cha pesa.

Kuna kitu kingine ambacho wakazi wengi hawakijui na nyinyi mnakijua. Kwenye mikataba mingi ya ujenzi sehemu ya malipo ya kontrakta, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10, inashikiliwa, yote au nusu yake, mpaka kipindi cha matazamio kiishe, ambacho kwa kawaida ni miezi sita hadi mwaka, ili ikitokea nyufa au kitu hakifanyi kazi arudi kurekebisha kwa gharama yake. Hiyo ndo silaha kubwa mliyonayo baada ya makabidhiano. Na inavyotumika inasikitisha, ukaguzi wa mwisho unafanyika wakati wa kiangazi, mtaro mkavu, barabara kavu, au unafanyika mezani kwa sahihi tu, pesa inaachiwa, na mvua ikija ndo kasoro zinajitokeza kontrakta ameshaondoka. Kipindi cha matazamio cha mtaro kisiishe kabla haujapitiwa na msimu mzima wa mvua, hivyo tu, mkataba ni wenu mnaweza kuandika. Na siku ya kukagua mwiteni yule anayeishi mita kumi kutoka pale, ndo anajua maji yanatuama wapi.

Kwa nyinyi mnaotoa ruzuku, serikali kuu, mashirika, benki za maendeleo, na nyinyi mna sehemu yenu na sio ndogo. Mnahesabu kilomita zilizojengwa na idadi ya wanufaika siku ya kufunga mradi, na mji unawapa mnachokihesabu. Rudini baada ya miaka mitatu mhesabu taa zinazowaka, na mji utakaokuwa na taa nyingi zinazowaka upewe alama kwenye maombi yanayofuata. Na mwombaji akija na mradi mdogo wenye mpango mzuri wa kuutunza msimuone hana maono. Kama kanuni zenu haziruhusu kulipia matengenezo sawa, ila basi daini ushahidi kwamba kuna atakayeyalipia kabla hamjaachia senti ya kwanza.

Waheshimiwa wa miji, sasa naomba vitu ambavyo viko ndani ya uwezo wenu bila kusubiri sheria mpya. Kila andiko la ruzuku, kabla halijapigiwa kura na madiwani, liwe na ukurasa mmoja unaosema huu mradi utatunzwa kwa shilingi ngapi au dola ngapi au pesa yoyote mnayotumia, kila mwaka, kutoka fungu lipi, chini ya ofisa mwenye cheo gani, na vipuri vinapatikana wapi. Fungu hilo likikosekana kwenye bajeti mradi usubiri, hata kama ruzuku iko mlangoni. Najua hilo la kusubiri ndo gumu kuliko yote, kuacha pesa ya bure kunauma na mji jirani utaichukua, na diwani atakuja kuulizwa kwenye uchaguzi umeleta nini. Lakini pesa hii sio ya bure. Mji ukipokea jengo umepokea na bili zake za miaka yote ya jengo hilo, na mji wenye majengo mengi ya ruzuku na mapato yale yale unaishia kuyanyima matengenezo majengo yote, ya zamani na mapya kwa pamoja.

Ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kwenye bango la mradi lenyewe, pembeni ya jina la kontrakta na kiasi alicholipwa, na namba ya simu ya ofisini ambayo inapokelewa. Na kila mwaka wakati wa bajeti madiwani wasomewe orodha ya miradi yote ya ruzuku ya miaka kumi iliyopita, ipi inafanya kazi, ipi imekufa, imekufa kwa sababu gani. Najua orodha hiyo mwaka wa kwanza itakuwa ngumu kuisikiliza, hakuna anayependa kusimama mbele ya watu kusoma vilivyokufa, lakini aliyepo ofisini leo mara nyingi siye aliyevijenga, kwa hiyo asome tu bila woga, hatumtafuti mtu. Tunatafuta choo kifunguliwe na taa iwake.

Maandiko ya mwaka wa fedha unaokuja huwa yanaandikwa mapema, pengine hivi sasa kuna afisa mipango yuko nayo mezani. Kama ni wewe unasoma hapa, ongeza huo ukurasa leo kabla hujalituma andiko, na ukiubandika ubaoni sisi tutakuja kuusoma na tutakuja na maswali.

Wenu,
mkazi na mlipa kodi